Nilijibu Hakuna Mjamzito Nyumbani

Ukifika soko la Majengo, Dodoma, kwenye vibanda vya nafaka, ukamuulizia yule mama mwenye kovu shingoni, utaletwa kwangu moja kwa moja. Kovu silifichi kwa mtandio. Naitwa Zaituni, wengi huniita Mama Salimu, mzaliwa wa Kolo, mkazi wa Miyuji, muuza karanga na alizeti. Nimemeza dawa ya mionzi mara mbili. Niko hai, nina sauti, ingawa inakwaruza, na nina mjukuu wa kike mwenye mapafu ya kuamsha mtaa mzima. Vyote vitatu najivunia, na sioni sababu ya kusema kwa kujinyenyekeza.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa utamezeshwa dawa hiyo. Ya kitaalamu waulize wataalamu, wako na wanajibu. Mimi nitakueleza ya nyumbani, kwa sababu hospitalini sikupata shida kubwa. Shida niliikuta nyumbani kwangu, tena niliileta mwenyewe.

Uvimbe ulianza shingoni, mdogo kama karanga. Kila aliyeuona alisema ni rovu, goita ya kawaida, nami nikasema ni rovu. Mwezi wa nne nikapasuliwa. Majibu yalipotoka daktari aliniambia, taratibu na kwa adabu, kwamba ni saratani ya tezi ya shingo, na kwamba mabaki yatafuatwa na dawa ya mionzi. Nikamshukuru. Nilipotoka mle ndani mwanangu Salimu alikuwa kasimama mlangoni, anauliza wamesemaje. Nikamwambia, "Rovu limetoka, imebaki mizizi. Kuna dawa ya kuimaliza." Wifi yangu, Bi Tatu, dada wa marehemu mume wangu, naye nikamwambia hivyohivyo. Lile neno lenyewe nikabaki nalo mimi na karatasi ya hospitali. Sokoni mimi ni mtu wa kuogopwa, si wa kuonewa huruma, na nilijua nikilitamka tu wateja wataanza kuniangalia kwa macho ya msibani.

Kabla ya dawa kulikuwa na wiki za maandalizi, na wiki hizo usizichukulie mchezo. Vidonge vilivyokuwa vikifanya kazi ya tezi iliyotolewa nilisimamishiwa. Uso ukavimba, ngozi ikakauka, nikawa nasikia baridi jua likiwa utosini. Nilisinzia juu ya magunia mteja akiwa anachagua karanga. Nikakatazwa dagaa, samaki, mayai, na chumvi ile ya pakiti. Ugali na mlenda usio na chumvi! Mtu wa Kondoa atanielewa. Ulikuwa mwezi wa sita, msimu wa mavuno, mizigo inaingia kutoka kwetu Kondoa, na mimi siwezi hata kunyanyua kopo la kupimia.

Aliyeokoa biashara ile ni mkwe wangu, Mwanahawa, mke wa Salimu. Alikuwa hajatimiza mwaka katika nyumba yetu. Ni msichana mpole, wa kuongea akiangalia chini, nami kusema kweli nilikuwa nimeshamweka kwenye fungu la watu wasioweza soko. Akanishangaza. Alisimama kibandani kuanzia asubuhi, na jioni akaja kunikanda miguu kwa mafuta ya alizeti.

Siku ya dawa mimi na Salimu tulikwenda Dar es Salaam. Kwenye chumba cha kusubiri tulikuwa wanawake watano na babu mmoja, sote na makovu yetu shingoni, tunatazamana tukitaka kucheka. Mmoja akasema, "Jamani, tumeshonwa na fundi mmoja." Tukacheka kweli. Nesi akaniita, akanikalisha, akaanza kuniuliza maswali huku Salimu akiwa nje.

"Mama, nyumbani kuna mtoto mdogo?"

"Hakuna."

"Kuna mjamzito?"

"Hakuna."

"Una hakika, mama?"

"Mwanangu, nyumbani kwangu hata kuku akitaga najua."

Akaandika. Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapo. Kwetu mimba changa haisemwi. Mke humwambia mumewe, mume humpelekea habari shangazi yake, shangazi hukaa nayo mpaka aone imeshika vizuri, na ndipo mama mkwe huambiwa. Mama mkwe ndiye wa mwisho. Utaratibu huo naujua, nami nilipitishwa humohumo nilipokuwa na mimba ya Salimu. Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa "sijui". Lakini mimi kusema sijui, mbele ya binti mdogo, kuhusu nyumba yangu mwenyewe? Nikasema hakuna.

Alinipa karatasi ya masharti. Nilale chumba changu, vyombo vyangu peke yangu, nguo zangu zifuliwe mbali, choo nimwage maji mara mbili au tatu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba mjamzito na mtoto mdogo wakae mbali nami kwa wiki mbili. Kulikuwa na namba ya simu pia. Nikaikunja karatasi nikaiweka ndani ya pochi.

Dawa yenyewe ni kidonge tu. Kinatolewa kwenye kopo zito la chuma, unakimeza kwa maji, na aliyekupa anaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jambo. Halafu unafungiwa chumba chako. Chakula kinaachwa mlangoni, nesi anakusalimia akiwa kizingitini, na kila siku wanakuja na kipimo kuangalia umepungua kiasi gani. Mashavu yaliniuma na kuvimba karibu na masikio, mate yakakauka, kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Nilipewa ndimu ninyonye, nikanyonya mpaka meno yakafa ganzi. Nililia siku moja tu. Siku ya nne kipimo kikaridhika, wakaniruhusu.

Salimu alikuja kunichukua kwa gari la rafiki yake. Nilikaa nyuma, pembeni kabisa. Akaniuliza masharti, nikamwambia nitalala peke yangu na nitakuwa na sahani yangu. Lile la mjamzito sikulitaja. Niliona halituhusu, tena lingeamsha maswali, dawa gani hiyo ya rovu inayokimbiwa na wajawazito?

Nikafika Miyuji nimechoka. Siku ya kwanza nikalala peke yangu. Siku ya pili nikatapika, na Mwanahawa akaja na mkeka wake.

"Wameniambia nilale peke yangu," nikamwambia.

"Mama, mgonjwa halazwi peke yake kama mtu aliyetengwa. Mama yangu akisikia atasemaje?"

Akautandika mkeka kando ya kitanda changu. Ningeweza kumkatalia. Sikumkatalia kwa sababu nilifurahi, nami nimeahidi kusema ukweli. Nilikuwa nimekaa siku nne sijaguswa na mtu. Akalala pale, akanikanda miguu, akanifulia, siku tano mfululizo.

Asubuhi ya siku ya saba tangu nirudi, aliinama kuukunja mkeka. Fundo la pindo la kanga yake likafunguka, vikadondoka sakafuni vipande vitatu vya udongo, ule wa kula unaouzwa Majengo, upande wa pili wa kibanda changu. Wateja wake nawajua wote, na najua wananunua kwa sababu gani.

"Mwanahawa. Huu udongo wa nani?"

Akaangalia chini. Nikarudia swali. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, muulize shangazi."

Hilo lilikuwa jibu tosha. Nikamwambia toka. Hakutoka, alidhani hajasikia vizuri. Nikapiga kelele kwa kile kisauti changu kilichobaki, "Toka! Toka humu ndani, usinisogelee!" Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Alidhani namfukuza kwa sababu ya mimba. Jirani yetu akachungulia ukutani, na kabla chai haijachemka Miyuji yote ilijua Mama Salimu kamtimua mkwe wake.

Bi Tatu alifika upesi, kanga mabegani, amejiandaa kwa ugomvi. Nilimpokea nikiwa dirishani kwa ndani, yeye na Mwanahawa wamekaa uani.

"Wifi, umerukwa na akili?" akaanza. "Binti anakuuguza, unamfukuza? Habari ya mimba nilikuwa nayo mimi, nilisubiri iimarike ndio nikuletee habari. Utaratibu si unaujua?"

"Naujua. Mimba ina miezi mingapi?"

"Wa tatu unaingia."

Nikaichukua ile karatasi kwenye pochi, nikaisoma kwa sauti, mstari wa chini. Bi Tatu akasikiliza mpaka mwisho. Rangi ikambadilika.

"Dawa gani hii ya rovu?"

"Si rovu, wifi. Ni saratani. Nilijua tangu mwezi wa nne."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka nyumbani. Salimu alikuwa amesimama nyuma ya shangazi yake, akakaa palepale chini kwenye vumbi. Hakuna aliyenionea huruma, hawakuwa na nafasi. Bi Tatu alishika kichwa, akasema, "Basi umeshamuunguza mtoto tumboni."

Nilipiga ile namba. Nesi alinisikiliza, hakunigombeza, ingawa nilitamani anigombeze. Akasema, "Mama, cha kwanza, tenganeni sasa hivi. Cha pili, mtu yeyote asimpe huyo dada dawa ya kutoa mimba. Tusubiri mtaalamu apige hesabu." Mtaalamu akaja kwenye simu na maswali yake. Alilala hapo siku ngapi? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Mkeka ulikuwa umbali gani na kitanda? Sikuwa na futi ya kupimia. Nikatandika kanga sakafuni kuanzia kitandani, nikamwambia umbali ni upana wa kanga moja, na nikampa hesabu ya kila saa niliyoikumbuka, za kukandwa miguu na za kufuliwa. Akasema atapiga simu kesho.

Kuisubiri kesho hiyo ndio ugonjwa wenyewe. Kupasuliwa, kuvimba, ndimu, vyote vilikuwa vyangu, mwili wangu. Sasa roho yangu ilikuwa imening'inia kwa mtoto asiyejua hata kama nipo. Nilikaa chumbani, Mwanahawa akahamia kwa jirani, Salimu akawa anazunguka uani bila kunitazama. Aliniambia neno moja tu siku ile: "Mama, mimi ungeniambia."

Asubuhi yake, kabla simu haijaita, Bi Tatu akarudi na chupa. Alimwita Mwanahawa uani, nami nikasogea dirishani. Ilikuwa dawa ya miti, kutoka kwa mwanamke anayeaminika.

"Mwanangu, mimi nakupenda," Bi Tatu akamwambia. "Bado ni changa. Utapata nyingine. Ukimzaa kiumbe asiye na mikono, utanikumbuka."

Bi Tatu hakuwa mtu mbaya. Naamini alikuwa hajalala. Mwanahawa aliishika chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopokea kitu chochote kutoka kwa mkubwa wake. Nikataka kupiga kelele, lakini nilikuwa na haki gani?

Kisha yule binti wa kuongea akiangalia chini akainua uso.

"Shangazi, asante kwa kunijali. Lakini mtoto wangu simtoi kwa kukisia. Wakisema ameumia, nitajua la kufanya na mume wangu. Hawajasema."

Akamrudishia chupa yake mkononi, akapiga goti kidogo, akaenda zake kuchota maji. Nilijivuna siku ile kuliko siku yoyote ya mauzo, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliwahi kudhani hawezi soko!

Simu ikaita baada ya adhuhuri. Mtaalamu aliongea polepole. Alisema kwa hesabu yao, kilichomfikia mtoto ni kidogo sana, kwamba masharti yamewekwa kwa tahadhari kubwa makusudi ili mtu akiteleza asianguke, na kwamba hapo hakuna sababu ya kutoa mimba. Mwanahawa aendelee na kliniki kama wajawazito wengine, na awaeleze kilichotokea. "Angekuwa yeye ndiye aliyemeza kile kidonge, mama, ningekuwa na maneno mengine kabisa. Kwa hilo msifanye mzaha." Nikamuuliza kama anaweza kuniapia kwamba mtoto atakuwa salama. Akasema hakuna mimba duniani ambayo daktari anaweza kuiapia, hata ya mkewe. Nilimheshimu kwa jibu lile, ingawa halikunipa usingizi.

Ukaja upepo wa mwezi wa saba na vumbi lake, zikaja zabibu sokoni, likaja lile joto la kabla ya mvua. Nilirudishiwa vidonge vyangu, uso ukapungua, ladha ikarudi kidogo kidogo, kwanza ya ndimu, kisha ya chumvi. Mimi na Salimu tulichukua muda. Aliniosha kwa maneno siku moja, yote, nikamsikiliza, ndipo tukawa sawa. Siku za kliniki nilimsindikiza Mwanahawa. Kwenye benchi wanawake waliniuliza kovu la nini, nikaacha kusema rovu. Mara ya kwanza nilisema saratani kwa kunong'ona. Kufikia mwezi wa kumi nilisema kwa sauti ya kuuzia karanga, na nikaongeza habari ya udongo na mkeka, bila kujificha nani alikosea. Wengine walisogea mbali kidogo, nikawaambia dawa ilishaisha mwilini zamani. Mmoja aliyekuja kumsindikiza mwenzake alinifuata nje akaniambia yeye anaenda kupigwa picha ya eksirei ya nyonga wiki ijayo na hajaona siku zake, aseme? Nikamwambia sema kabla hujapanda kitanda cha picha, mama yangu, hata kama baba mkwe wako ndiye aliyekushika mkono.

Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imechanganya na alizeti zimeanza kuota, Mwanahawa alijifungua hospitali hapa hapa Dodoma. Bi Tatu alimchukua mtoto akamfungua nguo. Akahesabu vidole vya mikono, vya miguu, akachungulia masikio, akamgeuza, akamfunga. Baada ya muda akamfungua tena. Mara ya tatu mtoto akamkojolea kifuani, na Bi Tatu akalia kwa sauti mbele ya wodi nzima, kanga imelowa, anasema, "Mzima, wifi, mzima." Daktari alimtoa mtoto tone la damu kisiginoni kupima kazi ya tezi yake, na majibu yalikuwa mazuri. Tukamwita Hidaya.

Ningependa kukuambia yaliishia hapo. Mwezi wa tatu niliporudi kupimwa, skani ilionyesha bado kuna mabaki kidogo, na nikaandikiwa dawa mara ya pili. Niliogopa, sikatai, lakini nilijua jinsi ya kufanya. Kabla ya safari niliwakalisha wote, nikasoma karatasi kuanzia juu mpaka chini, Salimu akairudia. Mwanahawa na Hidaya wakaenda Kolo kwa mama yake mpaka siku zangu ziishe. Na nesi aliponiuliza kama nyumbani kuna mjamzito nilimjibu, "Ninaowajua hakuna. Nisiowajua nitawauliza." Akacheka, akaandika hivyohivyo.

Niliporudi Miyuji watu wakaja kunipa pole, maana kwetu mgonjwa akirudi huwezi kufunga mlango. Walikuja wa Majengo, wakaja ndugu, wanawake kama kumi na tano na vyungu vyao vya chakula, wakajaa getini. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, dirisha wazi. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, na hakuna aliyempita.

"Jamani, karibuni, asanteni," akasema. "Mtamsalimia dirishani, mbali. Wenye watoto wadogo, rudini nao. Mwenye mimba asiingie. Na mwenye mimba ambayo hajaisema, aiseme sasa hivi hapa, au ageuze arudi kwake. Kuficha kwenu mimi nimekuchoka."

Wanawake wakacheka, wakaguna, mmoja akasema, "Bi Tatu leo!" Kisha wakanyamaza, kwa sababu kuna msichana aliyekuwa ametua chungu chini na kusogea pembeni ya njia. Alikuwa Sauda, ameolewa na mtoto wa mwisho wa Bi Tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani.

"Mimi, mama," akasema.

Alisema wazi, uso juu, mbele ya mama mkwe wake ambaye kwa utaratibu wetu alipaswa kuwa wa mwisho kujua. Bi Tatu alibaki ameduwaa, mdomo wazi, na nilimwona akigeuka polepole kunitazama dirishani. Akainuka, akakibeba kile kigoda chake, akakipeleka nje ya geti, kwenye kivuli, akakipangusa kwa pindo la kanga.

"Kaa hapa, mwanangu," akamwambia. "Chakula nitakuletea mimi."